Tulivyopanda Kamachumu Tukiangalia Ziwa

Ninyi wenzangu mliokulia Kahororo, pembezoni mwa mji, miaka ile ya baiskeli nyeusi za chuma, hili mtalielewa. Baiskeli ilikuwa ya baba, lakini Jumamosi ilikuwa yetu. Kiti hatukukifikia. Tulipitisha mguu mmoja kwenye tundu la fremu, tukapinda kama senene aliyebanwa mlangoni, na safari ikaenda. Watoto wa siku hizi wanadai gia. Gia yetu sisi ilikuwa kukunja uso.

Safari niliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya Kamachumu, kwa bibi. Watoto wa ukoo walikwenda kundi zima, wakitoka giza halijaisha, kila keria imefungiwa mkungu wa ndizi kwa mpira. Naam, tulitoka kwenye migomba tukapeleka ndizi kwenye migomba. Na bibi naye alitufungia mikungu yake turudi nayo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwenda mikono mitupu ni aibu, basi.

Kiongozi wetu alikuwa Mutalemwa, mtoto wa baba mkubwa, ambaye alikuwa ameanza kuota ndevu na kwa hiyo alijua kila kitu. Aliponikubali mimi, msichana peke yangu, alitoa sharti mbele ya wote: "Kemi, ukishuka kwenye baiskeli pale mlimani, ndiyo mwisho wako. Jumamosi nyingine utabaki kubeba watoto."

Tatizo, mama naye alikuwa na sharti lake, na alilitamka akiwa ameshika mwiko: "Nikisikia umempita mtu mzima ukiwa juu ya baiskeli, hutaiona tena hata ndotoni." Kwetu ukikutana na mzee unashuka, unapiga goti, unamwamkia, unasubiri amalize kukuuliza. Na wazee wetu hawaulizi kidogo.

Mlima ulipoanza nikamwuliza Mutalemwa tutafanyaje. Alikuwa ameshafikiria. "Usiyemwona hujamkosea. Ukihisi kuna mtu mbele, geuza uso, angalia ziwa."

Hivyo ndivyo tulivyopanda. Kundi zima, mikungu inayumba, jasho linatiririka, shingo zote zimepinda upande wa ziwa kana kwamba kisiwa cha Bumbire kinaungua. Waliokuwa wakienda gulioni walisimama kututazama. Nikamsikia mama mmoja, "Hawa shingo zimepatwa na nini?" Mwenzake akamjibu, "Waache, ni watoto wa mjini."

Nilivumilia hadi karibu na kona ya juu. Pale nikasikia fimbo, ko, ko, na kikohozi cha mwanamke mzee. Nikaangalia ziwa. Nikaliangalia sana. Lakini kikohozi kilifanana mno na cha bibi yangu, na mguu ukashuka wenyewe.

"Shikamoo, bibi," nikasema, goti chini.

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Kabla sijajibu, nyuma ya kona ukasikika mshindo, kisha mwingine, kisha sauti ya Mutalemwa ikiita mama yake. Bibi hakutikisika. Salamu haikatwi. Akauliza baba, akauliza ndama, akauliza kuku kama wanataga. Nilipomaliza kuku ndipo akasema, "Haya, sasa twende tukaone kilichoanguka."

Kilichoanguka kilikuwa ukoo wetu. Nyuma ya kona bibi yule alikuwa ameanika kahawa yake kwenye mkeka, na wavulana, macho ziwani, walikuwa wameingia nayo hadi kwenye mtaro. Ndizi huku, kahawa kule, Mutalemwa katikati.

"Kumbe hamkuniona," bibi akawaambia kwa upole wa kutisha. "Macho yenu yanaona maji tu. Leo yataona kahawa. Okoteni." Kisha akanigeukia. "Wewe pita, mwanangu. Msalimie bibi yako."

Nikafika juu wa kwanza, shahidi wangu mbuzi mmoja. Nikakaa kando ya njia, nikalia. Nilikuwa nimeshuka baiskeli pale mlimani, na wote walikuwa wameniona.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani na mtoto wa shangazi mgongoni, kengele ya baiskeli ikalia. Ni Mutalemwa. Hakunitazama usoni, aliangalia upande wa ziwa.

"Mshushe mtoto," akasema. "Leo unatangulia wewe. Utakuwa unashuka kuwaamkia, na sisi tutashuka nyuma yako."

Basi utoto wangu wote niliupanda mlima ule nikishuka kwa kila mzee, na wavulana nyuma yangu wakiinama pamoja kama kwaya. Tulifika tumechelewa sana, lakini tulijua ng'ombe wa nani kazaa.

Siku hizi barabara imelainika. Vijana wanapanda na kofia ngumu na kaptura za kubana, simu inawaambia wana kasi gani. Mzee wanampungia kidole gumba wakiwa wameshafika kijiji cha pili. Nawapenda, lakini waulizeni nani anaishi pale konani.

Juzi nimepanda tena. Kwenye kona ile mguu ukashuka wenyewe. Bibi yule hayupo, mkeka haupo, migomba tu. Nikapiga goti, nikaanza: mama hajambo, baba hajambo, ndama amekua. Kijana mmoja akanipita akicheka, "Dada, umeishiwa pumzi?"

Nikaendelea na salamu. Nilikuwa bado sijafika kwenye kuku.