Sura ya Mwisho Niliyoisomea Mafinga

Kitabu nilikinunua sokoni Mwanjelwa, pale Mbeya, juu ya turubai lililotandazwa viatu vya mtumba. Jalada lilikuwa limeng'oka, na jina la mwandishi limekwenda nalo. Kilikuwa cha upelelezi: mwimbaji maarufu wa bendi anakufa nyuma ya jukwaa kati ya wimbo wa tatu na wa nne, na bendi inaendelea kupiga kwa sababu wote wanadhani anabadilisha nguo. Nilikisoma njiani kutoka Mbeya. Basi lilipofika Mafinga nilikuwa nimebakiza kurasa kumi, nikazimalizia stendi nimesimama, begi katikati ya miguu.

Mafinga sikuwa na mtu. Miaka ile nilikuwa nikikaa mahali muda mrefu kidogo mwili unaanza kuwasha, nami nahama. Hata sasa nimepita miaka arobaini na bado unawasha, ila siku hizi nikihama nakuwa nakumbuka nilikotoka kuliko ninakokwenda. Nilipata kazi ya kupanga mbao kwenye kiwanda kidogo nje ya mji. Tulikuwa watu kumi na msumeno mmoja.

Msumeno ndio uliotupa nafasi ya kusoma. Kila siku saa sita mchana ulishushwa, fundi akaunoa jino moja baada ya jingine kwa tupa, na mpaka amalize hakuna gogo lililosogea. Tulikaa juu ya mabanzi tukila ugali wa dada aliyetupikia chini ya bati, pembeni mwa yadi. Siku ya kwanza nilitoa kitabu nijisomee. Nyapara akaniambia nisome kwa sauti au nirudishe mfukoni, maana hapo si maktaba. Nikasoma. Kufikia mwisho wa wiki hakuna aliyekwenda kula mjini tena. Nilisoma kurasa chache kwa siku na kukata pale panapouma, wakaniomba niongeze kidogo, nikakataa. Sijawahi kupendwa vile na watu wengi kwa pamoja, na sijasahau ladha yake.

Kila mtu alikuwa na lake juu ya kile kitabu. Nyapara, mzee wa kanisa wa Kilutheri, alisema hajali nani kaua. Mwanamke anayeimba kwenye kumbi mabega wazi, kwake alikuwa marehemu tangu zamani, kilichobaki ni kuzika. Alisema hivyo akiwa amekaa mbele kuliko wote. Fundi wa msumeno alikiona kitabu cha kipuuzi kwa sababu tangu ukurasa wa kwanza hakuna mtu aliyeonekana akifanya kazi: polisi wanakunywa soda, wanamuziki wanakunywa soda, na sumu yenyewe inasemekana ilikuwa kwenye soda. Hata hivyo alikuwa na mtu wake aliyemshuku, meneja wa bendi. Dada wa chakula alimshuku mume wa marehemu. Dada mwenyewe alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye ulimi ambao hata nyapara aliuogopa. Kila nilipomtaja huyo mume aliacha kupakua.

"Huyo," alisema. "Mwanaume anayelia mpaka apigwe picha."

Aliyebaki ni yule tuliyemwita msanii. Alikuwa mtu mwembamba aliyekaribia hamsini, mchekeshaji wa kundi la maonyesho lililozunguka mji hadi mji mpaka likavunjika, naye akabaki pale lori lilipomshushia. Mbao hakuziweza. Tulimpa upande wenye maji, ule mzito, wa kila gogo, na saa ya kupumzika tulimtaka aanguke kama alivyokuwa akianguka jukwaani. Alianguka. Kwa kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, alianguka chali juu ya maranda, miguu juu, akainuka anajipangusa huku sisi tunashika mbavu. Siku moja mtu mmoja aliweka banzi chini ya maranda. Tulicheka siku hiyo kuliko siku zote. Nami nilicheka.

Mimi nilimfahamu zaidi ya wengine kwa sababu aliniomba niwe mshenga wake. Alimtaka dada wa chakula, na pale mjini hakuwa na ndugu wa kumtuma. Alinichagua mimi kwa kuwa nilikuwa na fomu foo na naweza kupanga maneno. Siku hiyo akanieleza yote ili nisije nikaaibika mbele ya kaka zake: hakuwahi kuoa, hana shamba, na shule aliishia la pili. Kusoma hajui. Kwenye kundi walifundishwa kwa kusikia, mtu akisema wewe unarudia. Akaniomba hilo la mwisho nilifiche kidogo. Nilikubali kuwa mshenga, na wiki mbili zikapita sijafungua mdomo, ingawa yadi nzima ilikwisha kujua anamtaka nani na kamtuma nani.

Kitabu kikamwinua. Katika yadi nzima ni yeye tu aliyewahi kusimama nyuma ya pazia. Mwanzoni walimwuliza kwa dhihaka, eti msanii, huko nyuma kuna mlango, choo kiko wapi, nani anakaa na funguo. Alijibu polepole, bila kuchekesha, na watu wakanyamaza. Wiki ya pili nikimaliza ukurasa hawakunitazama mimi tena, walimgeukia yeye wasikie kama ni kweli. Akisema kweli, wanatikisa kichwa. Akisema huyo mwandishi hajui, wanasikitika. Nilikuwa nimegeuka redio. Hakuna mtu aliyemwomba aanguke wiki hiyo.

Tulikuwa tumebakiza sura moja aliposema aliyeua ni fundi wa nguo.

Walimwuliza fundi wa nguo yupi. Alikuwa ametajwa mara tatu tu kitabu kizima, mwanamke anayeshika gauni. Akasimama ili aonyeshe. Akainua mikono, akavuta shati lake hadi likafunika uso.

"Kati ya wimbo na wimbo una dakika mbili," alisema ndani ya shati. "Gauni likipita kichwani huoni kitu, na mikono iko juu. Hapo uko na mtu mmoja tu. Na yule mtu ana pini mdomoni na sindano mkononi, na akikuchoma husemi kitu, maana huchomwa kila siku. Soda hiyo ni ya kuwapoteza polisi."

Akashusha shati. Hakuna aliyecheka. Fundi wa msumeno alikuwa ameacha kunoa.

Nilikuwa najua mwisho tangu stendi. Ilikuwa sindano, na ilikuwa fundi wa nguo, na maneno yake yalikaribiana na ya mpelelezi kiasi kwamba nilihisi kuibiwa. Nilikuwa nimeitunza ile sura wiki mbili na nusu.

Dada wa chakula alimtazama kwa muda. Halafu akasema, mbele ya wote, kwamba kama kweli ni fundi wa nguo, basi huyu mzee ana akili kuliko wanaume wote wa hapa, na amtume mshenga wake kwa kaka zake Jumamosi, posa itapokelewa. Watu wakapiga makofi. Wakaanza kumwita dada shemeji hapo hapo. Alikuwa akitabasamu aliposema, lakini sahani ya msanii siku hiyo ilikuwa na nyama mbili. Yeye alikaa chini akala kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kufika ukweni.

Kesho yake nilisoma sura ya mwisho. Sikuwa nimepanga. Kitabuni kulikuwa na mchekeshaji pia, mtu mdogo anayefungua onyesho kisha anasahauliwa. Nilipofika pale mpelelezi anapomnyooshea mtu kidole, macho yaliona fundi wa nguo na mdomo ukasema mchekeshaji. Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Kila palipoandikwa fundi wa nguo nilisema mchekeshaji. Sindano niliiacha ilivyo. Chuki za miaka mingi za yule mwanamke, jinsi alivyoshona magauni yote na jina lake halikutajwa hata mara moja, nikampa mchekeshaji: alichekesha watu usiku mzima na hakuna aliyejua jina lake. Sauti yangu haikutetereka. Ilikuwa sura nzuri kuliko ile iliyoandikwa.

Nilifunga kitabu. Kisha fundi wa msumeno akaanza, polepole.

"Kumbe ni wewe, msanii."

Wakaingia wote. Mmoja akamwuliza sindano kaificha wapi. Mwingine akasema kuanzia leo anakula mgongo ukiwa ukutani. Nyapara, ambaye huwa hatanii, alimwambia akatubu Jumapili, wachungaji wamezoea makubwa zaidi. Msanii alisimama anamtazama dada wa chakula. Aliyecheka kuliko wote alikuwa dada. Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha kicheko kikaisha na uso wake ukabaki mkavu.

"Mmeona," alisema. "Mwanaume ameua, na wa kwanza kusingiziwa ni mwanamke mshona nguo. Na mimi nilikuwa nakaribia kumwamini."

"Dada, huyo mwandishi kakosea," alisema msanii.

"Mwandishi ndiye kaandika kitabu. Wewe umeandika nini?"

Kesho yake walimtaka msanii aanguke, akaanguka. Wakati wa kupakua, dada alimpa sahani yake bila kumtazama, na Jumamosi ikapita kama Jumamosi nyingine.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, msanii alikuja chumbani kwangu. Alikuwa amevaa koti lake la jukwaa, lenye vifungo vikubwa, maana hakuwa na jingine safi. Hakukaa.

"Kaka, nisomee tena ile sura," alisema. "Polepole. Labda kuna mahali sikusikia."

Tulikuwa wawili tu. Hakuna ambaye angejua. Ningeweza kusoma kilichoandikwa, na mchana huo huo angekimbia nacho hadi kwa dada. Lakini ningelazimika kumtazama akiwa anasikia. Nilifungua kitabu nikasoma sura yote kama nilivyoisoma yadini, na safari hii nilifuatisha mistari kwa kidole ili aone. Alifuata kidole changu kwa macho mpaka mwisho.

"Basi nilikosea," alisema. "Nimekaa jukwaani miaka ishirini, kumbe sikuwa naona." Akanishukuru. Siku ya tatu alipanda lori la mbao, na tukasikia yuko Ubaruku anabeba magunia kwenye mashine za mpunga.

Dada wa chakula aliazima kwangu kile kitabu wiki ile ile. Alisema anataka kuona yule mume aliishia wapi. Nilimpa. Sijui kwa nini nilimpa; ningeweza kusema kimepotea. Alikaa nacho siku nne, na siku ya tano nilipofika na sahani alikiweka mbele yangu na hakupakua.

"Nimesoma mwenyewe," alisema.

Wenzangu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akanipunguzia sauti. Hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza kama mimi si mshenga wa msanii. Nikasema ndimi. Akasema mshenga hukaa katikati ya watu wawili, hakai juu yao. Kisha akanituma. Niende Ubaruku nimwambie msanii arudi, nimwambie dada amekisoma mwenyewe, na kaka zake wako nyumbani Jumamosi yoyote atakayopenda. Yule asiyejua kusoma, nilimwambia, nikidhani nalipiza. Akasema atamsomea yeye mwenyewe.

Nilikwenda. Kutoka barabara kuu unaingia bondeni joto likiongezeka, na mpunga pande zote mpaka macho yanachoka. Niliuliza mashine mbili. Ya tatu nilimsikia kabla sijamwona. Wabebaji walikuwa wamekaa juu ya rundo la pumba, na yeye amesimama mbele yao na lile koti, anawapa kile kitabu chote kutoka kichwani: wimbo wa tatu, gauni, soda, polisi. Hakuruka kitu. Watu walikuwa wameinama mbele kama tulivyokuwa tukiinama sisi. Akafika kwenye sindano, akafika kwa mchekeshaji, na alipomtaja alijipiga kifua kwamba ndiye yeye, akaanguka chali. Walicheka sana.

Fundi wa mashine, aliyekuwa akifuta mikono kwa tambara, hakucheka.

"Mzee, hicho kitabu nimekisoma," alisema. "Aliyeua ni fundi wa nguo."

"Umesoma vibaya, mwanangu."

"Nimekisoma mpaka mwisho. Fundi wa nguo, na sindano yake."

"Hata mimi nilidhani hivyo zamani," alisema bado yuko chini. "Nikabishana na watu, nikapoteza mambo. Lakini nilisomewa na mtu wa fomu foo. Mara mbili. Mara ya pili aliniwekea kidole."

Alipoinuka akaniona. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeona ndugu. Akaja, akanishika mkono, akanivuta mbele ya watu.

"Huyu hapa mwenyewe. Kaka, waambie."

Walinitazama wote. Ujumbe wa dada ulikuwa mdomoni mwangu, ulikuwa neno moja na lile walilokuwa wanauliza. Huwezi kusema moja ukaacha jingine.

"Mchekeshaji," nilisema.

Alipiga makofi mara moja. Fundi wa mashine alisema basi chake kilikuwa kitabu kingine, akarudi kwenye mashine. Tulikula pamoja, wali na samaki wa bwawani, akinichagulia minofu. Alikuwa mwembamba zaidi. Akaniuliza habari za yadi, habari za nyapara, na mwisho kabisa, akitazama sahani, akauliza kama dada hajambo.

Nikaona iko siku atarudi Mafinga, hata kwa kupita tu, na atausikia ukweli. Nikamwambia hajambo, anaolewa.

"Na nani?"

"Mtu wa Makambako. Ana lori."

"Lori ni kitu," alisema. Alimaliza kula chote kilichokuwa kwenye sahani, akanawa, akanishikia begi hadi barabarani. Gari lilipokuja alimwambia dereva anipe kiti cha mbele, mimi ni mtu wa vitabu.

Barabara kuu nilishuka na, badala ya kungoja ya Mafinga, nikavuka upande wa magari ya Mbeya. Kabla ya kupanda nilimpigia dada nikamwambia nimezunguka mashine zote, shemeji, sikumpata. Nikasikia msumeno wa yadi unakata nyuma yake. Akasema nisimwite shemeji kama sikumpata, akakata simu.