Jiko Dogo la Mama Akelo

Katika jengo alilokaa Milcah kule Hagsätra, Uswidi, wanawake saba walikuwa na desturi ya kutembea msituni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Hawakuwa wakienda kwa mtu. Walishuka treni kituo cha Björkhagen, wakafuata alama za rangi ya machungwa zilizopakwa kwenye miti, wakatembea kilomita kumi na tano hadi barabara ya basi, kisha wakarudi nyumbani kupika. Milcah alipoelezwa jambo hilo mara ya kwanza alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Kwao, mtu akitembea mbali hivyo basi kuna mgonjwa au kuna matanga.

Lakini kipupwe kile cha kuingia mwaka 1984 kilimbadilisha. Akelo alizaliwa mwezi wa kumi, na tangu hapo mama na mtoto walikaa ghorofa ya tatu wakitazama theluji. Okech, mumewe, aliondoka kukiwa giza kwenda karakana ya treni, akarudi kukiwa giza. Kuna siku Milcah alijikuta anaisimulia pasi ya nguo habari za nyumbani. Kwa hiyo Gunvor, nesi mstaafu wa ghorofa iliyo chini yao na kiongozi wa wale watembeaji, alipobisha mlango mwezi wa tatu na kusema, "Njoo nasi, hewa itakufaa," Milcah alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, akavaa koti la Okech juu yao wote wawili, akaenda.

Alirudi na aibu. Alikuwa amebeba chai ya maziwa kwenye themosi, na kufikia adhuhuri chai ile ilikuwa imevunda, inanuka kizibo. Wenzake walimpa kahawa, akakataa, kwa sababu akinywa kahawa yeye, halali mtoto. Wakampa maji ya moto na kifuko cha chai chenye uzi. Aliyanywa, akashukuru, lakini mwili wake haukudanganyika. Milcah alilelewa akiona mama anayenyonyesha anakunywa chai iliyochemka pamoja na maziwa na majani yake, nzito, ya moto, mpaka paji la uso litoe jasho, ndipo anamwita mtoto. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kila siku, na maziwa hayakumsumbua hata siku moja. Siku ile yalimgomea. Akelo alivuta, akaachia, akavuta tena, kisha akalia kilio kile cha kukauka koo. Gunvor akafunua ramani akasema kuna njia ya mkato kutokea barabarani. Wote saba wakatoka naye.

Hakuna aliyenung'unika. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kwao angalau mtu mmoja angesema, naye angejibu, yakaisha.

"Labda mwakani," Gunvor alimwambia ngazini, kwa upole. "Akishaacha kunyonya."

"Nitakuja mwezi wa tano," Milcah akasema. "Na nitafika mwisho."

Kilichokosekana alikijua: moto. Akipata njia ya kuchemsha chai pale pale atakapoketi, hakuna kilomita itakayomshinda. Taabu ilikuwa mgongo. Wenzake walibeba mikoba mikubwa mgongoni, na mgongo wa Milcah ulikuwa tayari na mwenyewe, kilo nane na ushee. Yeye alibaki na mfuko wa kuning'iniza mbele. Akaweka pakiti tatu za sukari ndani yake, akamfunga mtoto, akalizunguka jengo mara nne. Leso ikamvuta shingo. Akatoa pakiti moja, akazunguka tena. Hapo ikakaa sawa. Kilo mbili, basi, si zaidi. Nepi, sweta, mkate na kopo la maji vilikula kilo na nusu. Jiko, mafuta yake, sufuria na vitu vya chai vilikuwa na nusu kilo tu ya kugawana.

"Kwa hiyo mtoto nyuma, jiko mbele," alisema Robinah, wakikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia. Robinah alikuwa Mganda wa jengo la pili, na Kiswahili chake alikipata Nairobi miaka ya ukimbizi. "Wazungu watadhani unauza mandazi."

"Wakitaka mandazi nitawauzia."

"Mama Akelo, si ukae tu nyumbani? Jiko lako la umeme lina matundu manne."

"Matundu manne na ukuta. Shika hiyo pembe vizuri."

Robinah akashika pembe. "Wewe ukishaamua," akasema, "ni heri mtu abishane na lifti."

Jumamosi Milcah alikwenda kwenye duka la vifaa vya safari upande wa Skanstull, Akelo akiwa mgongoni. Mwenye duka alikuwa mzee mrefu, ndevu nyeupe, aliyezungumza na majiko yake kwa upendo. Akampangia matatu juu ya meza. La kwanza lilikuwa la petroli, la kupiga pampu. Milcah aliliinua mara moja akalirudisha. Uzito wake ulikuwa wa kilo, na ngurumo yake, alivyoelezwa, ilisikika ng'ambo ya ziwa. La pili lilikuwa seti ya spiriti, yaani kikombe cha shaba cha kuwekea moto, kizingio cha upepo, masufuria mawili, kikaango na kishikio, vyote vimepakatana kama vyombo vya bibi harusi. Kilo moja na zaidi. La tatu lilikuwa la gesi. Kichwa chake kilienea kiganjani, chenye mikono mitatu myembamba, kikifungwa juu ya mtungi mdogo.

"Vikombe vingapi?" mzee aliuliza.

"Viwili."

"Basi ni hili. Dakika tatu maji yanachemka. Hakuna jepesi kama hili."

Akaliwasha pale pale, moto wa buluu ukasimama wima, maji yakachemka hata Akelo hajamaliza kupiga chafya. Milcah alilinunua.

Jioni hiyo alilijaribu kwenye roshani. Alimimina maji na maziwa ya unga ndani ya sufuria yake ndogo, ile nyepesi ya bati jeupe aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akatia majani na sukari. Sufuria ilikuwa pana kuliko mikono ya jiko, ikakaa kwa wasiwasi. Alijaribu kupunguza moto. Ukipunguzwa ulizima, ukiachwa ulivuma kama umetumwa. Maziwa yakashika chini kabla majani hayajatoa rangi. Kisha yakapanda, jinsi maziwa yanavyopanda, yakafurika, yakazima moto, na alipoinama kuokoa kilichobaki sufuria ikateleza, chai yote ikamwagikia roshani ya jirani wa chini.

Okech alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mkononi. "Gunvor amepata chai yake," akasema.

"Baba Akelo, niache."

"Sijasema kitu. Mimi nasema tu jiko la dakika tatu ni la watu wa maji." Akamtazama mkewe anavyosugua sakafu, akaacha utani. "Mwezi wa sita likizo yangu inaanza. Nikae na mtoto, wewe uende peke yako?"

"Na maziwa utamnyonyesha wewe?"

Okech akamlaza mtoto ndani. Akachukua kitambaa cha pili, akapiga magoti upande wa pili.

Jumatatu Milcah alilirudisha jiko. Alikuwa amelisugua kwa chumvi na maji ya moto, lakini harufu ya maziwa yaliyoungua ni harufu isiyofichika. Mzee alilinusa, akatikisa kichwa.

"Limetumika. Siwezi kulipokea. Nawe ulifanya nini? Nani anachemsha maziwa msituni?"

Milcah alihisi uso unapata moto. Kiswidi chake kilikuwa cha darasa la jioni, akakitafuta neno kwa neno. "Uliniuliza vikombe vingapi," akasema. "Hukuniuliza nakunywa nini."

Mzee akaliweka jiko mezani. Alikuwa mtu wa kazi yake, na swali la kazi lilimgusa. Akavuta kiti. "Haya. Nieleze unakunywa nini."

Akamweleza. Maji na maziwa na majani vinaingia pamoja. Moto unataka kuwa mdogo, wa kukaa, si wa kukimbia. Chai inapanda, unaiteremsha. Inapanda tena, unaiteremsha. Mara ya tatu ndiyo imeiva. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaifungua ile seti ya spiriti, akatoa kikombe cha shaba peke yake. Kilikuwa na ukubwa wa kopo la dawa ya viatu, na kifuniko chenye tundu la kuteleza: tundu likiwa wazi moto unakuwa mkubwa, ukilifunga nusu unapungua.

"Hiki ni kivivu," akasema. "Dakika kumi na mbili, kumi na tano. Vijana hawakipendi."

"Mimi sina haraka. Nina uzito tu." Milcah alikipima kwa mkono. "Hiki peke yake."

"Peke yake hakisimami. Sufuria itakaa juu ya nini? Kizingio ndicho mguu wake, na kizingio ni gramu mia nne."

"Una uwanja nyuma?"

Nyuma ya duka palikuwa na baiskeli, mapipa na kokoto za ukarabati wa barabara. Milcah alizunguka, mtoto akichungulia begani, akachagua mawe matatu yanayolingana kimo. Akayapanga kama mafiga, yakibanana upande wa upepo na kuachana upande wa pili, kikombe katikati. Akatoa sufuria yake mfukoni, kwa kuwa alikuja nayo, pamoja na majani, sukari na maziwa ya unga vilivyochanganywa tayari katika karatasi moja. Mzee akatia spiriti, akawasha. Moto wa spiriti mchana hauonekani. Ilibidi waweke kiganja juu kujua upo.

Wakangoja. Mteja mmoja akaja, akaambiwa arudi baadaye. Sufuria ilipoanza kuimba Milcah alilitelezesha tundu nusu kwa kijiti, chai ikapanda polepole ikasimama ukingoni, akaiinua kwa kitambaa, akairudisha. Mara tatu. Haikumwagika hata tone. Akammiminia mzee nusu kikombe.

Mzee alikunywa, akafikiri. "Tamu mno," akasema. Akanywa yote. "Nenda na kikombe hicho. Lile la gesi niachie, nitalitumia mimi mwenyewe. Mimi ni mtu wa maji."

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano kulikuwa na jua na upepo baridi kutoka ziwani. Gunvor aliuona ule mfuko wa mbele akauliza kama mna moto ndani, maana majani yalikuwa makavu. Milcah akamwonyesha kikombe, akamwambia atakiwasha juu ya mwamba mtupu, karibu na maji. Gunvor akakubali kwa kichwa, wakaondoka. Kilomita saba za kwanza Milcah alitembea katikati ya mstari akihesabu pumzi ya mtoto shingoni. Mtoto alilala.

Walipumzika kwenye mwamba juu ya ziwa, pale pale walipokatia safari mwezi wa tatu. Wenzake wakafungua themosi zao. Milcah akatafuta mawe. Hapakuwa na taabu. Nchi ile ina mawe kuliko watu. Akapanga, akawasha, akaketi kwa magoti kuukinga upepo kwa koti. Dakika kumi zikapita. Wanawake wakamaliza kahawa, wakamaliza mikate, wakafunga themosi. Mmoja akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Akelo akaamka, akaanza kugugumia, kisha kulia. Gunvor akatazama saa, halafu akatazama ramani.

Milcah aliiona ile ramani. Mkono ulimtuma aiepue chai hivyo hivyo, ainywe mbichi, wasimgoje. Hakuinua sufuria. Alilegeza leso, akamleta mtoto mbele, akambembeleza kwa mkono mmoja. "Ngoja, mama," akamwambia. "Nawe ngoja kidogo." Chai ikapanda. Akalifunga tundu nusu. Ikapanda tena. Mara ya tatu akauzima moto kwa kifuniko.

Sasa likaja jambo ambalo hakuwa amelipigia hesabu. Vikombe vilikuwa viwili, na watu walikuwa saba wakimtazama. Tangu azaliwe Milcah hakuwahi kunywa chai mbele ya watu bila kusema karibuni. Neno lilifika mdomoni. Lakini akigawa, kila mtu angepata kijiko kimoja, na mtoto asingepata kitu. Akalimeza. Akainamisha uso, akanywa kikombe cha kwanza kikiungua, akanywa cha pili, masikio yakimwaka kwa aibu, mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kisha akampa Akelo titi. Mtoto alivuta, akaachia, akalia; akavuta tena. Milcah akafumba macho. Halafu akasikia kile kichomi chepesi anachokijua kila mama, na kilio kikakatika katikati. Kikabaki kile kishindo kidogo cha koo linalomeza.

Alipofumbua macho alijiandaa kuomba radhi. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Wawili walikuwa wamelala kifudifudi juani. Mmoja alikuwa akimenya chungwa lake, na hakumkaribisha mtu. Gunvor alikuwa akimwonyesha mwenzake ndege kwenye ramani ile ile, ambayo kumbe nyuma yake ilikuwa na picha za ndege.

Kilomita nane zilizobaki zilikuwa na vilima na ubao mwembamba juu ya tope. Milcah aliteleza mara moja, akashika mti, akaendelea. Baada ya saa tisa alasiri miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Robo saa ya mwisho aliongoza yeye, si kwa kujionyesha, bali kwa kuwa aliogopa kwamba akisimama hatainuka tena. Msitu ukafunguka, lami ikatokea, na kibao cha kituo cha basi.

Gunvor akafika nyuma yake akihema. Akatazama saa, akaandika muda kwenye kidaftari.

"Mwezi wa sita tunaanzia hapa tunapoishia leo," akasema. "Ni kilomita kumi na nane."

"Tunakutana saa ngapi?" Milcah akauliza, akikaza fundo la leso.