Karavani Niliyoiita Bati

Karavani ndogo ya kulala watu wawili ina nati kumi, tano kila gurudumu. Nilizihesabu mara mbili siku ya kwanza nilipoiona. Siku ya pili nilizihesabu tena mara mbili, ila siku hiyo ilikuwa tayari ya mwenzangu.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunaishi Yeoville, huku kusini tulikohamia, kwenye fleti ya vyumba viwili yenye kaya tatu. Sisi tulikuwa kaya ya sebuleni. Ukuta wetu ulikuwa pazia, na mlango wetu ulikuwa pazia hilohilo. Mke wangu hakutaka makubwa, alitaka mlango unaofungwa. Siku moja akaona kwenye simu tangazo la mzee mmoja wa Edenvale anayeuza karavani yake. Akanionyesha kimya kimya. Uwanja wa kuiweka nilikuwa nao tayari: bibi mmoja wa Observatory, mteja wangu wa ndoo na mabeseni, alikuwa na nafasi nyuma ya nyumba, yenye bomba la maji na waya wa umeme, na alitaka mtu mtulivu. Mimi ni mtulivu nikitaka.

Tukaenda Edenvale. Mke wangu akaingia ndani ya karavani, mimi nikabaki nje na mzee. Sisi tuliofundwa na masoko ya Tanga na Kariakoo tuna utaratibu wetu. Kwanza unaivunjia heshima bidhaa. Nikabonyeza bati, nikanusa godoro, nikatikisa kichwa mbele ya tairi kama niliyeonyeshwa maiti. Halafu nikataja nusu ya bei. Mzee akasema hapana, kwa upole. Nikashukuru, nikageuka, nikaanza kuondoka polepole, maana hapo ndipo muuzaji anapokuita. Kariakoo sijawahi kufika hatua ya kumi bila kuitwa. Nilihesabu hadi ya ishirini, nikafika nje ya geti. Mzee akanitakia siku njema, akalifunga.

Mke wangu alikuwa bado ndani ya karavani.

Ilinibidi nibonyeze kengele nikamwombe mke wangu. Alitoka taratibu, akaufungua mlango wa karavani na kuufunga mara mbili kabla ya kushuka. Njiani nikamwambia lile ni bati tu, na kwamba tumwache mzee achemke siku chache.

Jumatatu nilipita Doornfontein kwa rafiki yangu fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi, ambaye alikuwa akishona na kulala na mkewe kwenye chumba kimoja juu ya gereji. Nilimweleza habari za karavani, na za uwanja wa bibi pia, kwa sababu mdomo wangu haulipii kodi. Akaniuliza kama nimeiacha kweli. Sasa, mfanyabiashara hasifii kitu ambacho hajakinunua, hata mbele ya ndugu yake, maana maneno yana miguu na humfikia muuzaji. Nikamwambia nimeiacha, ni bati, litavuja mvua ya kwanza, na uwanja ule ni wa mteremko.

Alhamisi akaja kwangu anacheka mpaka magego yanaonekana. Ameinunua. Alilipa bei aliyotajiwa, bila kuomba apunguziwe hata senti. Mzee alifurahi hivi kwamba alimwongezea turubai la kivuli, mtungi wa pili wa gesi, birika na viti viwili vya kukunja, kisha akamfundisha saa nzima jinsi ya kuivuta na kuishi ndani yake. Mimi mzee yuleyule hakunipa hata maji. Na uwanja wa bibi, fundi alikwisha kwenda kuuomba. Bibi alimpenda.

"Yaya, ni weye njo uko na ndoana," akaniambia. Yaya kwao ni kaka, na ndoana ni bakki yangu, pikapu iliyo na chuma cha kuvutia nyuma. Chumba chake cha Doornfontein kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, na Jumamosi jioni alitakiwa awe ametoka. Asipofika Observatory siku hiyo, yeye na mkewe hawana pa kulala.

Nilimtazama mke wangu, nikitumaini atanikatalia.

"Kamvutie," akasema. "Si uliikataa?"

Jumamosi asubuhi tuliichukua Edenvale. Ilipokuwa tupu nilikiri moyoni kwamba inavutika vizuri kuliko hata nilivyoogopa. Nilitafuta nyufa kwenye mbavu za tairi, maana tairi za karavani hazifi kwa kutembea, hufa kwa kusimama miaka. Sikuona ufa hata mmoja. Nilitafuta tena. Mzee alikuwa amezibadilisha. Mtu mwenye husuda akikosa kasoro hujisikia kama aliyeibiwa.

Doornfontein uchochoro ulikuwa mwembamba, ikabidi niifungue karavani ili niigeuze bakki. Wakati nageuza, fundi na mkewe wakapakia. Bakki yangu ilikuwa imejaa ndoo na mabeseni ya biashara ya Jumamosi, na sikujitolea kuishusha hata ndoo moja. Kwa hiyo kila kitu kikaingia kwenye karavani. Fundi ana cherehani tatu za kizamani, vichwa vya chuma kitupu. Fundi yeyote duniani huweka cherehani dirishani, apate mwanga wa kuona uzi. Na dirisha kubwa la karavani ile liko nyuma kabisa. Akazipanga zote tatu pale, na majora ya vitambaa juu yake, tayari kwa kazi ya Jumatatu.

Nilipoinama kuifunga tena, nikainua shingo ya karavani, ule mkono wa chuma unaokaa juu ya goroli, ile tufe ya chuma nyuma ya bakki. Shingo inatakiwa uiinue kwa kuguna. Mimi niliiinua kwa mkono mmoja, kama kikapu cha mchicha. Nilijua papo hapo. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, shingo inakuwa nyepesi, na mkia unaanza kuamua njia wenyewe. Miaka niliyovuta tela la sokoni ilinifundisha hivyo. Nikafunga kikombe cha shingo juu ya goroli, nikapitisha minyororo miwili kimkasi, nikachomeka waya wa taa, nikahesabu nati, nikahesabu tena. Sikusema kitu. Nilijiambia nitakwenda polepole. Nilichokuwa nakitaka hasa ni kitu kidogo tu: iyumbe mara moja, sahani mbili zivunjike, fundi aone kwamba bei kamili nayo hununua matatizo.

Mkewe akapanda ndani ya karavani azishike sahani. Hapo angalau nilifungua mdomo. Nikamwambia, "Shuka shemeji, ndani ya karavani hapandi mtu ikiwa inavutwa." Akashuka, akaja kukaa mbele, kati yangu na mumewe, na birika la mzee mapajani.

Tulivuka roboti ya kwanza, yaani taa za barabarani, ikiwa kijani, na ya pili. Baada ya hapo barabara inateremka. Nikaona kwenye kioo cha pembeni karavani inachungulia kushoto. Halafu ikachungulia kulia. Halafu bakki yenyewe ikaanza kutikiswa kiuno, na usukani ukawa mwepesi mikononi kama wa gari la mchezo. Fundi akapiga kelele nikanyage breki. Breki ndiyo inayoipindua. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani katikati, sikubishana na karavani kushoto wala kulia. Teksi nyuma yetu ilipiga honi kana kwamba tunafanya makusudi. Ikayumba mara saba, nilizihesabu, kisha ikachoka. Nikaegesha kando.

Shemeji alikuwa amelikumbatia birika. Fundi akashuka, akaenda nyuma, akaishika shingo, akaikuta nyepesi, akarudi dirishani kwangu. Mzee alikuwa amemwonyesha jambo hilo Alhamisi, alilikumbuka sasa.

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema hapana. Nina uzoefu mkubwa wa kusema hapana.

"Nilijua."

"Tangu wapi?"

"Tangu Doornfontein."

Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akautazama usukani wangu.

"Yaya, hii wivu gani, inapanda gari moja na mtu yenye inamuonea?"

Nilishuka, nikafungua bakki, nikaanza kutoa ndoo na mabeseni yangu mwenyewe na kuyaingiza kwenye karavani, kwa kuwa ni mepesi. Cherehani zote tatu tukazihamishia kwenye bakki, majora tukayalaza sakafuni juu ya ekseli, mbele kidogo. Fundi hakunitukana. Alikuwa akipokea ndoo na kusema "shap", yaani sawa, kila ndoo. Ningependa angenitukana. Nilipoinua shingo mara hii, niliguna.

Observatory kwa bibi, geti ni jembamba na uwanja umeinama kweli, hapo sikuwa nimedanganya. Niliirudisha kinyumenyume kwa mkono mmoja chini ya usukani: ukiutaka mkia uende kushoto, mkono unakwenda kushoto. Niliweka vipande vya mbao chini ya gurudumu la upande wa chini, nikalaza pimamaji sakafuni hadi kiputo kikatulia katikati, ndipo nikateremsha miguu ya pembeni. Miguu ile ni ya kutuliza, si ya kunyanyulia, ukinyanyulia, inapinda. Nikamfungia mtungi wa gesi nje, nikamwambia asipike bila kufungua dirisha, na afute jasho la kwenye vioo kila asubuhi, la sivyo godoro litaota ukungu. Yote hayo nilimpa bure. Sijawahi kutoa vitu vingi hivyo bure kwa siku moja.

Mke wangu alikuja kwa miguu kutoka Yeoville na sufuria la wali. Aliingia, akakaa kwenye kitanda cha dirishani, na hakutoka hadi nilipomwita mara ya tatu.

Mke wangu akapanda bakki, tukaanza kurudi nyumbani. Fundi alishamsimulia ya mteremkoni, nilijua kwa namna alivyofunga mkanda.

"Kumbe uliitaka," akasema.

"Niliitaka."

"Fundi amejua leo. Mimi mkeo najua leo. Siku ile uliniambia ni bati, nikajilaza nyuma ya pazia nikajiambia mume wangu ameona mbali, ni mimi mwenye tamaa."

Nikamwambia bado naitaka. Akaniambia inayofuata ataongea yeye na mwenye mali, na mimi nitabaki ndani ya gari, vioo juu. Nilikubali. Lakini roho iliniuma ngazi zote hadi ghorofa ya tatu, kwa sababu jikoni kwetu kulikuwa na foleni ya jiko, na fundi saa hiyo alikuwa anachemsha chai yake bila kumngoja mtu.