Shina la Jovin

Vero Tukahirwa aliupata mwanga alioutaka, na tangu siku hiyo akawa hawezi kumtazama mama mwenye nyumba usoni. Akienda kuchota maji, anazunguka upande wa nyuma. Akiamkia, anaamkia huku anatafuta ufunguo ambao tayari anao mkononi.

Vero ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kamuli, Kyerwa. Alikuja Omurushaka kwa sababu ya sare za shule, maana hapa kuna maduka ya vitambaa na wazazi wa kwao Kyerwa na wa wilaya yetu hupitia hapa. Alihitaji chumba kimoja tu cha kulala na kushonea. Clavery, dalali wetu, ambaye anaweza kukusifia zizi mpaka ukauliza kama lina maji ya bomba, alimwambia amempatia chumba cha jua. Alimpeleka mlango ukiwa wazi, taa inawaka, na yeye mwenyewe kasimama mbele ya dirisha muda wote na lile koti lake pana. Vero akaona kuta zimepakwa rangi ya maziwa, akaridhika, akahamia na cherehani yake kesho yake.

Ndipo akakijua chumba. Dari ya bodi ilikuwa imevimba kwa maji katikati kama tumbo la mbuzi. Mlango haufungiki mpaka uuinue. Ile rangi ya maziwa ilipakwa juu ya ukungu, na ukungu ukaanza kurudi taratibu. Yote hayo angeyavumilia. Asichoweza kuvumilia ni giza. Nje ya dirisha palikuwa na shina la migomba iliyosongamana, majani yanagusa wavu, na mchana ukianza kuinama haoni tundu la sindano. Hazikupita siku nyingi akashona sketi ya bluu kwa uzi mweusi, na mzazi akairudisha mbele za watu.

Akamwendea mwenye nyumba, Bibi Deodatha, mjane aliyekuwa akiishi peke yake chumba cha mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. Alitaja dari, akataja mlango, akataja ukungu, na bibi akaitikia kila kitu, akasema atamwita fundi. Kisha Vero akasema migomba ya dirishani ikatwe.

Bibi akasema, "Hayo mengine yote nitatengeneza, waitu, mwanangu. Hilo shina univumilie. Ni la Jovin."

Hapo ndipo penye kosa lenyewe. Mtu wa kutoka mbali angeuliza, "La Jovin kivipi?" na asingekuwa na hatia yoyote. Vero hakuwa mtu wa kutoka mbali. Alishasikia kwamba Jovin ni kitinda mimba wa bibi, aliyekwenda Mwanza kutafuta kazi na miaka mingi hajapiga simu. Na shina la mtu alilijua ni nini. Kwao Kamuli, kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa chini ya mgomba ulio karibu na nyumba, na tangu hapo shina lile ni lake. Halikatwi ovyo. Ndizi zake haziandaliwi wageni. Mtoto akiwa mbali, mama yake hulipalilia na kulitandikia nyasi, na pengine huongea nalo kidogo akiona hakuna anayesikia. Vero mwenyewe analo la kwake, nyuma ya jiko la mama yake. Mawe yaliyozungushiwa lile la dirishani aliyatambua kabla hajafungua mabegi.

Lakini alikuwa na hasira na chumba, na ile sketi ilikuwa bado inamuuma. Akajifanya mtu wa mjini.

"Bibi, si migomba tu hiyo? Mimi niliahidiwa chumba cha mwanga. Kama haiwezekani, nitahama."

Alijua pia kwamba kabla yake chumba kile kilikaa kitupu msimu mzima, bibi hapati kodi. Bibi akasema, "Haya."

Asubuhi Vero aliamshwa na mlio wa panga. Alidhani bibi ameita kibarua. Alipochungulia akamwona ni bibi mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni, anakata polepole, akimaliza mgomba mmoja anapumzika. Vero akarudi kitandani. Angeweza kutoka akasema acha. Alilala pale pale, macho wazi, mpaka mlio ukaisha.

Mwanga ukaingia kweli. Ukamwonyesha na nyufa ambazo giza lilikuwa limemsitiri asizione. Akatunga uzi kwenye sindano bila kukodoa macho, akashona siku nzima, na siku nzima akajisikia vibaya.

Jioni bibi akaja na sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Zilikuwa ndizi kwa maharage, vile vile wanavyopika kwao.

"Mkungu wake mmoja ulikuwa umekomaa," bibi alisema. "Huwa tunakula sisi wa nyumba hii tu. Nikaona peke yangu sitaumaliza. Kula, mwanangu."

Vero alikula, maana kukataa kungekuwa kubaya zaidi. Bibi alipoondoka, akampigia simu mama yake Kamuli. Akauliza habari za mvua, akauliza habari za kahawa, mwishowe akauliza kama shina lake bado lipo.

"Lipo. Nimelitandikia nyasi juzi," mama yake alisema. "Kwani nani angeligusa?"

Vero akasema mtandao unasumbua, akakata simu.

Anayelima migomba anajua kwamba panga haliui shina. Mvua ziliponyesha, machipukizi yakatokeza katikati ya yale mawe. Vero aliyaona kabla ya mtu yeyote, akafurahi, akadhani kosa lake limefutwa bila yeye kufungua mdomo. Kisha bibi akaja na panga, akayakata. Yakatoka mengine, akaja tena. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa ameahidi mwanga, na kwa bibi yule ahadi ni ahadi. Dari nayo ikawa imetengenezwa, mlango umenyooshwa, na kila kilichotengenezwa kilimzidishia Vero aibu.

Siku moja akasikia tena panga likikwaruza jiwe. Akatoka miguu mitupu, akaushika mkono wa bibi.

"Bibi, acha. Nililijua hili shina. Siku ile ile uliposema ni la Jovin, nilijua. Hata mimi langu lipo nyumbani. Nilijifanya sijui. Nisamehe."

Bibi aliliweka panga chini, akaanza kufuta utomvu mikononi kwa jani kavu.

"Nilijua kwamba unajua," alisema. "Mtoto wa Kamuli asijue shina? Nililala nikilifikiria. Nikasema, kama anajua na bado anaomba, basi shida yake ni kubwa kuliko yangu."

Shida ya Vero ilikuwa sketi moja.

Siku hizi ukimtaka utamkuta barazani, cherehani kaiweka kando ya mlango wa bibi. Mvua ikija anaiingiza ndani na kuwasha taa mchana, kwa sababu shina limeshapita juu ya dirisha na chumba kimerudi kuwa giza. Clavery akipita humtania, "Kile chumba cha jua kinaendeleaje?" Vero hacheki. Jumamosi hubeba nyasi akalitandikia shina, na bibi akimwambia asijichoshe, anaitikia sawa na kuendelea. Na simu ya bibi ikiita, Vero ndiye anayewahi kusimamisha cherehani ili asikie ni nani.