Pindo la Pazia la Dada

Mmenichosha. Kila mkija, "Bibi, tuandikie habari za dada yako." Mwandiko wangu wenyewe kama kuku kaparua, na vidole vinaniuma. Haya, naandika mara moja tu. Asiyeelewa, shauri yake.

Dada alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani kwa muuza vitambaa, kwenye cherehani ya kukodi, miguu juu ya pedali tangu asubuhi mpaka jua lizame. Yeye na mumewe, mpaka rangi wa nyumba za watu, walikuwa na chumba kimoja, na pazia la kijani lilitenga kitanda na jiko. Pazia hilo ndilo lililokuwa benki yake. Kila Jumamosi, kabla hajanunua hata chumvi, alikunja noti moja akaishonea ndani ya pindo, kwa mkono, mishono midogo kama mayai ya chawa.

"Pesa ya mkobani inanitoroka," alisema. "Hii nikiitaka lazima nifumue, na nikifika mshono wa kumi nishajua kama kweli naihitaji."

Nilimcheka. "Dada, ipo siku pazia litakuangukia likuvunje shingo."

"Likiniangukia, wewe ndiye utakayekuja mbio kuliinua."

Siku moja shemeji alitaka redio. Dada hakugombana naye, alimpa sindano tu. "Fumua, mume wangu. Usitumie wembe, utanichania noti."

Shemeji akakaa chini, akafumua, akajichoma, akafumua tena. Baada ya robo saa akasimama. "Hata hivyo, redio zina kelele." Mpaka leo nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu.

Mwaka wa nne, siku ya Ijumaa, muuza vitambaa akamwambia, "Mama, cherehani naiuza. Wewe nakupa nafasi ya kwanza, lakini kesho saa sita mchana ikipita, anaichukua fundi wa ng'ambo ya barabara."

Dada alirudi nyumbani anaimba. Akapitisha vidole kwenye pindo. Wimbo ukakatika. Mshono ulikuwa wa mashine.

Akakaa kitandani. Shemeji akaapa hajagusa kitu. Ndipo dada alipokumbuka. Wiki ile alikuwa amemshonea mwalimu mmoja pazia la kitambaa kilekile cha kijani. Lake halikuwahi kuona jua, rangi ilikuwa bado mbichi. Akayapiga pasi yote mawili pamoja, akampelekea mwalimu lile lisilo lake!

Asubuhi nilimsindikiza. Pazia lilikuwa dirishani kwa mwalimu, limetulia kama mgeni aliyekaribishwa.

"Fundi, si nimeshakulipa? Mbona unataka kulishusha?"

"Mwalimu, mapindo ya wateja napiga kwa mashine. Hilo la mkono ni langu. Hebu pitisha vidole."

Mwalimu akapitisha. Kitu kikakwaruza ndani. Akalishusha mwenyewe, akalitandaza sakafuni, akaleta wembe.

"Hapana," dada akasema. "Sindano."

"Dada, saa sita hiyo inakuja!" nikapiga kelele.

"Na noti zikikatika utaziunga wewe? Kaa chini!"

Tukakaa wote watatu, mwalimu na miwani yake puani, tukifumua. Ile mishono niliyoicheka miaka minne ilinitoa damu vidoleni.

Tulifika dukani tunahema. Fundi wa ng'ambo alishakalia kigoda, anajaribu pedali.

"Inuka, kaka," dada akamwambia. "Kigoda kina mwenyewe." Akamwaga noti mezani, zote zina mikunjo, zote zina nyuzi.

Dada hayupo sasa. Cherehani iko chumbani kwangu. Jioni naikanyaga tupu, bila uzi, nisikie tu pedali inavyolia. Inalia vilevile.

Haya, nimeandika, sasa zamu yenu. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Kila aliyesoma aje anitungie uzi sindano mbili. Moja aniachie, nyingine aende nayo kwake akashonee noti ya Jumamosi hii. Na pazia mniletee. Nitakagua mishono.