Fimbo ya Barasa

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimechimba visima kwa mashamba yote ya wazungu huko Sisibo, kutoka Soy mpaka Burnt Forest, na darasa la pili sikumaliza. Siku ya kwanza nyapara alinipa sururu, akaniambia, "Ukikuta mwamba usilie. Gonga." Mwaka wa tatu nyapara nilikuwa mimi.

Vijana, leo mna mashine. Sisi tulikuwa na kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba ya ndoo, na tulikuwa na Barasa. Yeye kazi yake ilikuwa kutafuta maji. Alishika fimbo yenye panda kwa mikono miwili, akatembea polepole. Ikiinama, hapo ndipo nilipochimba. Miaka sita tulikula sufuria moja. Nikiwa futi arobaini chini alichungulia, akauliza, "Vipi bwana, umefika Uganda? Wasalimie."

Lakini Bwana Mkubwa wa shamba la Soy alimlipa kuliko mimi, kwa kutembea tu. Nikamwambia Bwana fimbo haina kitu, tuijaribu. Barasa alionyesha mahali, tukaweka jiwe. Kisha tukamfunga macho kwa gunia, tukamzungusha, akaambiwa arudi pale pale. Mara tano fimbo iliinama, kila mara mahali pengine, mara moja juu ya mwamba mtupu. Bwana alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwenda," akamwambia. "Kazi yako kwisha."

Nilikuwa na haki, na hata leo nasema: fimbo haijui maji.

Nilimsindikiza Barasa mpaka barabarani.

"Kwani wewe ulidhani naamini kijiti?" akaniuliza. "Mzungu hawezi kulipa macho ya mtu mweusi. Fimbo atalipa. Mimi naangalia vichuguu, naangalia majani, na pale umande unakawia kukauka. Ndugu yangu, ulichofunga ni macho."

Miaka sita, na sikuwahi kumwuliza anaangalia nini. Siku za soko nilimtafuta kati ya watu wa kwao. Hakuna aliyejua aliko. Sasa nimeacha kazi, nakaa tu, na ningempa kiti hiki changu aniambie ni majani gani.

Maana Bwana alinipa kazi zote mbili, kwa mapatano kwamba kisima kikikosa maji, vibarua nawalipa mimi. Nilichagua mahali mara tatu, kwa akili yangu mwenyewe, na mara tatu nilitoa vumbi. Vibarua walipokea kwa mkono wangu shilingi mia moja na nane, na senti hamsini.