Damu ya Mtu Tusiyemjua

Miaka ile ya kazi ya utafiti nilikuwa nikiamka ndani ya ukungu. Nilipanga chumba Isebania, mji wa mpakani, upande wa juu mbali na malori, na asubuhi vilima vya Ukuria havikuonekana kabisa. Ulikuwa unaona weupe tu, baadaye mti mmoja, baadaye paa la banda la kukaushia tumbaku, nchi ikirudi pole pole mahali pake. Mimi ni Mjaluo wa Ndhiwa. Kikuria nilijua salamu na neno la kumfukuza mbwa. Basi mimi na watu wa huko tulikutana katika Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mama yangu wala ya mama zao, na katika lugha hiyo ya kuazima tukazungumza habari za damu.

Kulikuwa na dawa mpya ya kuwakinga watoto na malaria. Haikuwa chanjo. Chanjo huufundisha mwili utengeneze kinga yake wenyewe. Hii ilikuwa kinga iliyokwisha kutengenezwa, inayoingizwa kwenye mshipa mara moja tu kabla ya mvua ndefu. Kwa Kiswahili inaitwa kingamwili. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza walezi wa watoto mpaka waelewe, kisha kila wiki kuzunguka kwa pikipiki ya mradi, kumpima kila mtoto joto na kumtoa tone la damu kidoleni.

Tulifundishwa wiki nzima Homa Bay, katika ukumbi ulioelekea ziwa. Mchana upepo ulileta harufu ya omena, dagaa wa ziwa, wanaoanikwa na macho yangu yakawa mazito, hata leo sina hakika ni mangapi niliyasikia na ni mangapi niliyaota. Daktari wetu mkuu, mwanamume mpole aliyependa kuchora ubaoni, alituambia tuwaeleze watu kwamba kingamwili ni askari wanaolinda mwili. Pia alitueleza ilikotoka dawa yenyewe. Ilianza na mtu mmoja wa ng'ambo, aliyejitolea kuchanjwa chanjo ya majaribio. Mwili wake ukatengeneza kinga kali ajabu. Wataalamu wakachukua damu yake kidogo, wakaitafuta ile kinga humo, na sasa nakala zake zinatengenezwa kiwandani kwenye mapipa makubwa. Niliandika hayo kwenye daftari nikayasahau.

Boma la nyanya mmoja, mlezi katika orodha yangu, lilikuwa juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka barabara ya lami. Alikuwa mjane, Msabato, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima tumbaku tangu ujana wake. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka minne, ambaye mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti kidogo cha miguu mitatu, nikafungua karatasi zangu, nikaanza na askari.

"Hapana," akanikata. "Askari tunawajua. Hapa ni mpakani. Kama hiyo dawa ni askari, malaria itaongea nao kando na itapita."

Nilicheka mpaka nikashindwa kuendelea. Yeye hakucheka. Nikamwambia basi afikirie mbwa wa boma: anamtambua mgeni kwa harufu tu, anamkamata langoni kabla hajafika nyumbani. Mbu akimuuma mtoto, vijidudu vya malaria hukimbilia ini kujificha. Kingamwili huvikamata njiani, kabla havijafika.

"Hiyo nimeelewa," alisema. "Na huyo mbwa mmemtoa wapi?"

Ndipo nikakumbuka daftari langu. Nilimweleza habari za yule mtu wa ng'ambo, nilivyokumbuka, bila kuongeza wala kupunguza. Alisikiliza akiwa ameacha kuchambua maharagwe. Mjukuu alikuwa amelala miguuni pake na nzi mmoja anatembea juu ya shavu lake.

"Ni mwanamume ama mwanamke?"

"Sijui, nyanya."

"Ako hai?"

"Sijui. Nadhani ako."

"Ana watoto?"

Sikujua. Hakuna aliyejua. Alitikisa kichwa kama anayesikia habari za ukoo uliolelewa vibaya.

"Mtu anakupatia damu yake na wewe hujui hata kama amekula leo," alisema. "Huyo mtu, mtoto wangu akiwekewa hiyo kitu, watakuwa ndugu."

Nilitaka kumweleza kwamba si damu yenyewe, ni nakala ya kitu kidogo kilichokuwa ndani ya damu. Lakini jua lilikuwa limefika mlangoni, kuku wamenyamaza, na maneno yake yalikaa pale uani kwa uzito ambao sikuwa na haki ya kuuondoa. Nikamweleza jambo gumu zaidi: nusu ya watoto wangepewa dawa na nusu wangepewa maji ya chumvi tu, yasiyo na madhara wala faida. Kompyuta ndiyo ingechagua. Mimi nisingejua, daktari asingejua, yeye asingejua, mpaka mwisho. Nilimuuliza mara mbili kama ameelewa, maana sheria yetu ilikuwa hivyo. Akayarudia yote kwa maneno yake, sawasawa kabisa, kisha akaweka sahihi kwa herufi kubwa zilizolala.

Siku ya dripu watoto walilazwa kwenye vitanda vya zahanati, wote wakiwa wamemeza kwanza dawa za kusafisha malaria yoyote iliyokuwa mwilini. Chupa zilikuwa zimefunikwa ili rangi isionekane. Nyanya alimshika mjukuu mkono, akatazama matone yakishuka, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Baadaye aliniambia alikuwa anamwombea yule mtu.

Mvua ndefu zikaja. Nikizikumbuka wiki zile, zinanijia kama wiki moja ndefu: pikipiki ikiteleza kwenye udongo mwekundu, kila boma likinuka moshi na mahindi mabichi, vidole vidogo vikifichwa nyuma ya migongo. Kwa nyanya nilikaa muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Alinipa uji wa wimbi, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za ndugu wa ng'ambo kana kwamba mimi hukutana naye njiani. Wakati mmoja alikuwa ameamua ni mwanamke. "Mwanaume hawezi kukaa kimya hivyo na amefanya kitu kubwa," alisema. Sabato moja, aliniambia, alisimama kanisani akaomba washirika wamkumbuke mgeni mmoja ambaye jina lake Mungu analijua.

Nilipaswa kumkumbusha kila mara kwamba huenda mtoto alipata maji. Nilimkumbusha, ndiyo, lakini kila wiki sauti yangu ilikuwa ndogo zaidi. Na mimi nilikuwa nimeanza kumwona yule mtu. Mara kwa mara, nikiendesha pikipiki kurudi Isebania, nilimwona amekaa dirishani katika mji wenye mvua nyembamba, amekunja mkono wa shati, hajui kwamba kwenye kilima cha Ukuria kuna mwanamke anamhesabu kuwa wa nyumba yake.

Mwezi wa tano nilimkuta mtoto amejikunja kwenye ngozi ya ng'ombe, macho yanang'aa. Joto lilikuwa juu sana. Nikamchoma kidole, nikasubiri kipimo juu ya goti langu, na mstari wa pili ukatokea. Malaria.

"Ni mafua," nyanya alisema.

"Ni malaria, nyanya."

"Imepitaje?"

Tulimbeba mtoto kwenye pikipiki katikati yetu mpaka zahanati, akaanza dawa siku ile ile, na kwa siku tatu nilikwenda kuhakikisha anameza. Alipona. Hakuna mtoto kati ya wale wangu aliyefariki mwaka ule, na hilo peke yake nilikuwa nikilitamka kila nilipofika nyumbani. Lakini nyanya alikuwa amebadilika. Hakuuliza tena habari za ng'ambo.

Utafiti ulipofungwa, kompyuta ikafunguliwa. Daktari alituita Homa Bay akatukabidhi majina na bahasha. Dawa ilikuwa imefanya kazi vizuri. Watoto wengi waliopewa walipita mvua zote bila kuugua. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitafuta jina moja. Maji ya chumvi.

Nilipanda kile kilima kwa miguu, nikaiacha pikipiki barabarani, sijui kwa nini. Nyanya alikuwa akishona majani ya tumbaku kwenye uzi. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama.

Aliendelea kushona majani matatu, manne.

"Mtoto wa jirani?" aliuliza. Jirani naye alikuwa na mtoto wa umri ule katika utafiti.

"Yule alipata dawa."

"Na wewe ulijua."

"Sikujua, nyanya. Nilikuambia siku ya kwanza."

"Uliniambia. Halafu ulikaa hapa ukakunywa uji, na mimi naombea mtu ambaye hayuko." Akauweka uzi chini. "Wewe daktari unajua nini? Ushawahi kushika mtoto ana joto hiyo?"

Hakuwahi kuniita daktari kabla ya siku ile.

Nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote kazini. Nyumbani kwetu Ndhiwa nilikuwa na kaka mdogo. Nilikuwa na miaka tisa, yeye minne. Mama alikuwa ameenda sokoni, nikaachiwa nimwangalie. Alikuwa moto, nikamfunika blanketi kwa sababu alikuwa anatetemeka, nikadhani nafanya vizuri. Alilala mgongoni kwangu. Mama aliporudi alikuwa bado mgongoni kwangu, na mama ndiye aliyejua kwamba hapumui tena.

Nyanya akauokota tena uzi wake. Upepo ulikuwa ukigeuza majani ya tumbaku bandani, yakisuguana kama watu wanaonong'ona chumba cha pili.

"Pole," alisema. "Lakini leo enda."

Nikaenda. Nilishuka kilima mpaka nilipoacha pikipiki.

Mradi ulikuwa umeahidi kwamba dawa ikifaa, watoto waliopata maji nao watapewa. Siku ilipokaribia niliwapigia walezi wote simu isipokuwa yeye. Kwake nilituma ujumbe mfupi kupitia mwenye duka, maana niliogopa sauti yake. Asubuhi zahanati ikajaa. Saa nne, saa tano. Nilikuwa nimeshaanza kukunja orodha nilipowaona wanatokea kwenye ukungu uliochelewa kuondoka, nyanya mbele, mtoto nyuma amevaa gauni la kanisani ingawa ilikuwa Jumatano.

Hakunisalimia. Alimpandisha mtoto kitandani, akamwambia daktari, "Leo nataka kuona rangi."

Daktari akamwonyesha chupa, bila kifuniko. Ilikuwa angavu kabisa, karibu haina rangi. Nyanya akainusa kwa mbali, akarudi kukaa.

Dripu ilichukua nusu saa. Nje mtu alikuwa akipasua kuni na sauti ya shoka ilifika ikiwa imechelewa, baada ya shoka lenyewe kushuka. Mtoto alisinzia. Nyanya naye akasinzia, kichwa kikaegemea ukuta, na midomo yake haikusema chochote. Nilikaa kati yao nikihesabu matone mpaka hesabu ikanipotea.

Mvua ndefu zilizofuata mtoto hakuugua malaria. Daktari angesema mtoto mmoja si utafiti, na angesema kweli. Mimi nilikuwa nimeshahamia Homa Bay, kwenye kazi ya ofisini, karatasi na mikutano. Mwaka jana nilitumwa Isebania, nikapata saa moja ya bure, nikapanda kilima. Tumbaku ilikuwa imeng'olewa yote. Sasa alikuwa akilima viazi vitamu. Alikuwa ameinama katikati ya matuta akivichimba, mjukuu yuko shule. Nilisimama pembeni nikasema hodi. Hakuinuka. Alinyoosha mkono bila kugeuka, nikadhani ni salamu, kumbe alikuwa ananipa upande mmoja wa mdomo wa gunia.

Nikashika, naye akaanza kujaza.